SOMO LA ROBO HII: KUNUNUA NYUMBA AMBAYO HAIJAKWISHA

Masomo: Yeremia 32:6-15, Luka 14:28-30, Kumbukumbu la Torati 22:8
Walengwa: Kamati za mipango na ujenzi za sharika na mitaa, pamoja na marafiki wanaochangia miradi yetu



Katika ziara zetu sharikani swali moja limekuwa likirudi. Mwenyekiti wa kamati ananivuta pembeni baada ya ibada na kusema, "Mratibu, tumepata boma zuri. Limefika linta. Mwenye nalo anauza kwa bei ya kutupwa, na ameahidi kulipaua mwenyewe kabla ya mvua. Tunaomba baraka za ofisi." Somo hili ni jibu langu, na ninaliandika kwa sababu baraka hizo niliwahi kuzitoa haraka mno.

Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012 na Mpanda kuwa makao makuu yake, watumishi na wafanyabiashara wengi wamehamia kwetu. Ukitembea Ilembo, Nsemulwa, Kawajense au Misunkumilo utaona nyumba nyingi zilizosimama bila paa, magugu yakiota sebuleni. Wengine huziita maboma, wengine mapagale. Mtu alianza kujenga, mazao yakashuka bei, au uhamisho ukaja, au ugonjwa ukaingia, sasa anataka kuuza. Kwa usharika unaotafuta nyumba ya mwinjilisti hii inaonekana kama mlango uliofunguliwa na Mungu. Huenda ni hivyo. Lakini mlango huo tuuangalie vizuri kabla ya kuingia.

Yeremia na hati mbili

Tusome Yeremia 32. Nabii yuko kifungoni katika uwanja wa walinzi, Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, na ndugu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Kwa akili ya kawaida hakuna manunuzi mabaya kuliko hayo, kwani Yeremia ananunua kitu asichoweza kukitumia kwa miaka mingi. Ananunua ahadi.

Sasa angalieni jinsi anavyonunua. Anapima fedha, shekeli kumi na saba. Anaandika hati na kuitia muhuri. Anaweka mashahidi, nao wanatia sahihi. Hati ziko mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi, na zote anamkabidhi Baruku azitie katika chombo cha udongo ili zidumu. Huyu ndiye mtu aliyesikia neno la Bwana moja kwa moja kuhusu shamba hilo! Kama yupo mnunuzi ambaye angeweza kusema "tumwamini Mungu, karatasi za nini?" basi ni Yeremia. Naye hakusema hivyo. Kwake imani na hati vilikwenda pamoja.

Kwetu mara nyingi huwa kinyume. Muuzaji ni mkristo mwenzetu, pengine anaimba kwaya, na mzee mmoja anasema kumdai mkataba ni kumvunjia heshima. Napenda tulikatae wazo hilo kabisa. Mkataba unamlinda na muuzaji pia, hasa akifa kabla hajamaliza na watoto wake wakabaki wanaulizwa mambo wasiyoyajua.

Tulivyokosea

Miaka kadhaa iliyopita usharika mmoja wa eneo letu ulikuwa na mwinjilisti aliyehamishwa nyumba za kupanga mara tatu. Mke wake alikuwa mjamzito safari ya tatu, wakahama na kitanda kwenye mkokoteni. Wazee waliona aibu, nao walikuwa na haki ya kuona aibu. Marafiki wa usharika wenza wa Ulaya wakatuma mchango, nasi tukaongeza sadaka na mazao.

Boma likapatikana nje kidogo ya mji, vyumba vitatu na sebule, limefika linta. Muuzaji alikubali bei ya nyumba nzima, yeye apaue, apige plasta na kuweka milango ifikapo mwishoni mwa Oktoba. Nilikwenda kuliona mara moja tu, mwezi Juni. Mwezi Juni kila kiwanja cha Mpanda ni kikavu na kila ukuta unapendeza.

Tulilipa fedha zote kwa mkupuo. Sababu mbili zilitusukuma. Muuzaji alisema bati zinapanda bei, na hilo lilikuwa kweli. Sababu ya pili nilikuwa nayo mimi ofisini: fedha ya wafadhili ilitakiwa iwe imetumika na kutolewa taarifa kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Niliona ni salama zaidi fedha itoke kuliko irudishwe. Katika taarifa niliandika kwamba nyumba imenunuliwa na ujenzi unaendelea kukamilishwa. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na ndiyo inayonisumbua mpaka leo.

Mwezi Septemba muuzaji alikwenda machimbo ya dhahabu kutafuta mtaji, na simu yake ikazimwa. Novemba mvua zikaanza. Kuta hazikuwa na paa, kozi za juu zikaanza kumomonyoka, na tukagundua kwamba kati ya tofali na tofali palikuwa na udongo uliopakwa saruji nje tu. Januari maji yalitoka bondeni na kusimama ndani ya chumba cha nyuma.

Lakini jambo lililotuumiza zaidi lilikuja Februari. Mke wa muuzaji, aliyekuwa Inyonga akimwuguza mama yake kwa miezi mingi, alirudi na kukuta vijana wa kanisa wanafyeka kiwanja. Hakuwa ameambiwa lolote. Alituuliza kwa upole, "Ninyi wa kanisa mmenunua nyumba yangu kwa nani? Maji ya kufyatulia matofali haya niliyabeba mimi." Hatukuwa na jibu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, mwanandoa hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama mawakili wangebishana kama boma lisilokaliwa ni nyumba ya ndoa au la, sisi kama kanisa tusingeweza kusimama mahakamani kushindana na mama yule. Wala hatukutaka.

Ilichukua vikao vingi vya wazee na zaidi ya mwaka mmoja. Sehemu ya fedha ililipwa upya, safari hii mkononi mwake, na harambee ya sharika jirani ikamalizia paa. Mwinjilisti alihamia akiwa na watoto wawili. Nyumba ilitugharimu karibu mara mbili ya bei tuliyojivunia.

Unanunua vitu viwili

Tangu hapo nimekuwa nikifundisha jambo hili moja. Anayenunua nyumba isiyokwisha ananunua vitu viwili kwa wakati mmoja: kile kilichosimama, na ahadi ya kile kitakachosimama. Vitu hivi vina bei tofauti na hatari tofauti, lakini muuzaji huvitaja kwa bei moja, nasi tunakubali kwa sababu macho yetu yanaona kuta na akili inamalizia paa.

Kuta hudanganya. Boma likifika linta mtu husema "imebaki kidogo tu." Mwulizeni fundi yeyote mwaminifu. Zimebaki mbao za kenchi, bati, misumari, plasta, sakafu, fremu, milango, madirisha na grili, dari, nyaya za umeme, choo na shimo lake, rangi. Katika hesabu zetu za miradi, kazi iliyobaki baada ya linta imekuwa ikila zaidi ya nusu ya gharama yote. Ndiyo maana Bwana Yesu katika Luka 14 anamweka mjenzi chini kwanza, ahesabu. Yule mwenye mnara wa mfano ule alikuwa na msingi mzuri, lakini watu walimcheka kwa sababu ya kile kilichobaki.

Kwa sharika zetu, ushauri wangu ni kuvitenganisha. Nunueni boma kama lilivyo, kwa bei ya kilichosimama, hati ibadilishwe, halafu malizieni wenyewe kwa fundi wenu na kamati yenu. Muuzaji anayeuza kwa kukosa fedha za bati atapata wapi fedha za bati za kuwamalizia ninyi? Atatumia zenu, na zikikutana na shida nyingine nyumbani kwake, shida itashinda.

Ikiwa ni lazima muuzaji amalizie, basi fedha ifuate kazi. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 30,000,000. Mnaweza kukubaliana shilingi 12,000,000 baada ya upekuzi wa ardhi na kutia sahihi. 7,500,000 paa likikamilika. 6,000,000 plasta, sakafu na milango vikiisha. 3,000,000 siku ya kukabidhiwa funguo. Na 1,500,000 za mwisho zibaki mikononi mwenu mpaka msimu mmoja wa mvua upite. Viwango hivi ni vya mfano, kila boma lina hesabu yake. Hiyo fedha ya mwisho wauzaji huipinga sana. Msiiachie. Mvua ya Januari ndiyo mkaguzi pekee asiyeweza kupewa soda. Na kama muuzaji hana uwezo wa kutangulia na kazi, kamati inunue bati na mbao yenyewe na kuzikabidhi kwa maandishi, badala ya kumpa fedha taslimu.

Msidhani matatizo haya ni ya watu wadogo wa Mpanda tu. Katika miaka ya 2010 Shirika la Nyumba la Taifa liliuza nyumba za mradi wa Kawe 711 jijini Dar es Salaam kabla hazijakwisha. Kazi ikasimama, wanunuzi wakasubiri, na ujenzi ukaja kuendelea tena miaka ya 2020. Mradi mkubwa wa Dege huko Kigamboni, uliohusisha NSSF, ulisimama mwaka 2016 na majengo yakabaki bila wakazi. Kwa hiyo mstaafu wetu anayetaka kuweka kiinua mgongo chake kwenye nyumba ya mchoro asiulize tu jina la mjenzi. Aulize pia: fedha yangu itakaa wapi wakati jengo halijasimama? Huko Dubai walitunga sheria mwaka 2007 inayotaka fedha za wanunuzi ziwekwe kwenye akaunti maalum ya amana, na mjenzi achukue kadiri kazi inavyokwenda. Usharika hauhitaji sheria ya Dubai kufanya hivyo. Fedha ikae akaunti ya usharika au ya Dayosisi yenye watia sahihi wawili, na itoke kwa muhtasari wa kamati uliosema "tumeona."

Kabla ya kutaja bei

Nendeni kiwanjani na fundi asiyemjua muuzaji. Kwaruzeni maungio ya matofali kwa msumari. Yakimwagika kama mchanga, saruji ilionewa. Gonganisheni matofali mawili yaliyobaki pembeni. Yaliyoiva vizuri hulia kama chuma. Angalieni pembe za madirisha kama kuna nyufa zinazopanda kwa mshazari. Chimbeni kidogo kando ya msingi mwone kina chake. Ulizeni kuhusu mchwa, ambao kwetu hawahitaji utambulisho. Na waulizeni majirani, hasa akina mama wanaochota maji eneo hilo, maji hupita wapi mwezi wa Januari. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye nyumba mpya anaagizwa ajenge ukingo darini ili mtu asianguke. Usalama wa atakayelala ndani ni sehemu ya utii, na sisi tunamlaza mwinjilisti na watoto wake.

Halafu ardhi. Ombeni upekuzi rasmi kuthibitisha mmiliki ni nani na kama kiwanja kimewekwa rehani. Tangu Wizara ya Ardhi ilipofungua ofisi za mikoa mwaka 2020 huduma hizi zimesogea karibu nasi, hivyo umbali si sababu tena. Angalieni mchoro wa mipango miji kama kiwanja ni cha makazi. Angalieni barabara: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na boma lenye alama ya X si la bei nafuu hata mkipewa bure. Mpanda ni mwisho wa reli inayotoka Kaliua, kwa hiyo na hifadhi ya reli iulizwe. Vijijini kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Pateni idhini ya halmashauri ya kijiji na muhtasari wake. Kwa walio Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi na ambako TCRS ilitumika kwa miaka mingi, anzeni kuuliza halmashauri ya wilaya juu ya hali ya ardhi kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote.

Mkataba uandikwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haitambui mauziano ya mdomo. Ushuhudiwe na wakili; sahihi ya mwenyekiti wa mtaa inasaidia kumtambua mtu, lakini haitoshi. Mke na mume watie sahihi wote wawili, na kama kuna wake wawili waitwe wawili. Mkataba useme boma limefikia hatua gani siku hiyo, picha ziambatanishwe, kazi iliyobaki itajwe moja moja na tarehe yake, na iandikwe nani anabeba hasara ukuta ukianguka kabla ya kukabidhiana. Iandikwe pia nani atalipa kodi ya ongezeko la mtaji, ushuru wa stempu na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Malipo yapite benki.

Na jina! Usharika peke yake si mtu mbele ya sheria. Mali ya kanisa inaandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Nimekuta viwanja vya kanisa vilivyoandikwa kwa jina la mchungaji aliyekwisha kustaafu, au la mzee wa kanisa aliyekwisha kufariki, na warithi wake hawasali kwetu. Waliofanya hivyo hawakuwa wezi. Walitaka kuharakisha.

Neno kwa marafiki wanaotusaidia

Nawaandikia ninyi kwa shukrani na kwa uwazi. Tarehe ya mwisho ya matumizi ikiangukia Desemba, na nyumba haiwezi kukamilika kabla ya Mei, kamati inajikuta na njia mbili mbaya: kurudisha fedha au kulipa kazi ambayo haijafanyika. Tuliyalipa yale ya kwetu. Baadaye niliandika barua ya pili kwa usharika wenza, nikaeleza yote, pamoja na ile sentensi ya kwanza. Walinijibu kwa maswali magumu, na swali la kwanza lilikuwa kwa nini sikuandika mwezi Septemba. Lakini pia walikubali kwamba miradi ya ujenzi ipewe misimu miwili, na kwamba fedha iliyoko benki ikisubiri paa ihesabiwe kuwa iko kazini. Tunaomba wengine wenu mtufikirie hivyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika Yeremia 32, ni mambo gani ambayo nabii alifanya na kamati yetu haikuyafanya katika manunuzi yake ya mwisho?

2. Kama yule mama wa Inyonga angekuja kwenye kikao chetu leo, ni nani kati yetu angemjibu, na angemjibu nini?

3. Mhasibu wetu ana uhuru wa kukataa kulipa hata mwenyekiti akisema alipe? Toeni mfano.

4. Orodhesheni viwanja, mashamba na majengo yote ya usharika, na mbele ya kila kimoja andikeni jina lililoko kwenye hati. Palipo na jina la mtu binafsi, au pasipo na hati kabisa, leteni nakala ya orodha ofisi ya miradi kabla ya kikao kijacho cha Halmashauri Kuu. Watu wa mbali wanaweza kuituma kwa mkono wa mkuu wa jimbo.